Msumeno wa Betri Nao Unataka Matunzo

Mwezi Mei 2020 mito Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika wilayani Kasese, ikashusha mawe na magogo kutoka milima ya Rwenzori. Kwa wananchi wa Ibanda na Bwera, gogo lililolala barabarani maana yake ni mgonjwa asiyefika hospitali. Askari anayetumwa kufungua njia hutegemea msumeno wa mnyororo uitike mara moja.

Msumeno wa betri hauna petroli wala plagi, na wengi hudhani kwamba hauhitaji matunzo. Hayo ni makosa. Mnyororo wake husuguana na chuma kinachouongoza sawasawa na ule wa petroli. Kwa hiyo mafuta ya mnyororo yakaguliwe kila betri inapobadilishwa.

Sheria ya kwanza askari anaijua: bunduki haisafishwi ikiwa na risasi. Vivyo hivyo, betri itolewe kabla mkono haujagusa mnyororo, kwani mota hii hunyamaza kimya ingali tayari kukata. Kisha unga wa mbao uondolewe kwa brashi, si kwa maji. Mnyororo usining'inie chini ya chuma chake, lakini uweze kuzungushwa kwa mkono wenye glavu. Ukitoa vumbi badala ya vipande vya mbao, umekuwa butu, upigwe tupa.

Betri itokayo kazini na joto ipoe kabla ya kuchajiwa. Ikiwekwa ghalani muda mrefu, ibaki na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo jua.

Mafuriko hayapigi hodi. Chombo hutunzwa siku ya jua ili kifae usiku wa mvua.