Chumvi Ile Ile, Majibu Matatu: Elementi, Kampaundi na Mchanganyiko

Kuna swali moja la kemia ambalo huwapotezea alama vijana wengi wa kidato cha kwanza na cha pili. Swali lenyewe ni fupi: je, kloridi ya sodiamu, yaani chumvi tunayokula, ni elementi, kampaundi au mchanganyiko? Wengi hujibu haraka kwamba ni mchanganyiko, "kwa sababu ndani yake mna sodiamu na klorini". Jibu hilo si sahihi. Tena kosa lake haliishii kwenye karatasi ya mtihani, kama tutakavyoona mbele. Basi tuichukue chumvi hiyo hiyo ya jikoni itufundishe.

Elementi ni nini?

Elementi ni kitu kisafi ambacho hakiwezi kugawanywa kwa njia za kikemikali kikapatikana kitu kingine sahili zaidi. Atomi zake zote ni za aina moja. Dhahabu ukiivunja, ukiiyeyusha, ukiisaga, itabaki kuwa dhahabu. Hadi leo zinajulikana elementi 118. Vitu vyote tunavyovishika na kuvila vimejengwa kwa hizo, kama vile maneno yote ya Kiswahili yanavyoandikwa kwa herufi chache tu.

Wanafunzi wanaosoma Kilatini wana bahati hapa. Alama za elementi zinazowasumbua wengine zimetoka katika lugha hiyo: Na ni natrium (sodiamu), K ni kalium (potasiamu), Fe ni ferrum (chuma), Au ni aurum (dhahabu), Pb ni plumbum (risasi).

Sodiamu ni metali laini, inakatika kwa kisu. Huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikigusa maji hutoa joto kali na huweza kuwaka. Klorini ni gesi yenye rangi ya kijani na manjano, na ni sumu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitumika kama silaha karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeweka chochote kati ya hivyo viwili kwenye mboga.

Kampaundi ni nini?

Sasa sodiamu na klorini zikikutana na kufanya mmenyuko wa kikemikali, hupatikana kitu kipya kabisa: chumvi nyeupe tunayokula kila siku. Ukali wa sodiamu umekwisha, sumu ya klorini imekwisha. Hiyo ndiyo kampaundi: elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemikali hata kila moja ikapoteza sifa zake za awali.

Kampaundi ina alama mbili za kuitambulisha. Ya kwanza, uwiano wake haubadiliki. Katika kila gramu 100 za chumvi safi, takribani 39 ni sodiamu na 61 ni klorini, iwe imetoka kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au kwenye chemchemi za Uvinza, Kigoma. Vivyo hivyo maji: kila gramu 1 ya hidrojeni huungana na gramu 8 za oksijeni, yawe ya mvua au ya kisima, ukishayasafisha.

Ya pili, huwezi kuitenganisha kampaundi kwa kuchuja, kuchekecha wala kuchemsha. Ukiipasha chumvi joto hadi nyuzi 801 za Selsiasi, itayeyuka tu, nayo itabaki kuwa chumvi. Ili kupata sodiamu, lazima upitishe umeme. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alifanya hivyo mwaka 1807 kwa soda kali iliyoyeyushwa, na kwa mara ya kwanza sodiamu ikaonekana ikiwa peke yake.

Mchanganyiko ni nini?

Tazama sahani ya makande. Mahindi ni mahindi, maharage ni maharage. Kila kimoja kina sifa zake, na mpishi anaweza kuongeza hiki au kupunguza kile, yakabaki kuwa makande. Huo ni mchanganyiko: vitu viwili au zaidi vimewekwa pamoja bila kuungana kikemikali, na kwa kiasi chochote.

Makande ni mchanganyiko usio sare, kwa kuwa sehemu zake zinaonekana. Maji ya chumvi ni mchanganyiko sare, kwa kuwa kila tone linafanana na jingine. Hewa nayo ni mchanganyiko sare: ikiwa kavu, naitrojeni ni karibu asilimia 78 na oksijeni asilimia 21.

Mchanganyiko hutenganishwa kwa njia za kawaida. Watu wa Uvinza wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000: maji yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki. Jaribu nawe. Changanya chumvi na mchanga, tia maji, koroga, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha maji yaliyopita. Mchanga utabaki kitambaani, chumvi itabaki sufuriani.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Kwanza, kwa afya. Soma pakiti ya chumvi dukani: imeandikwa kwamba ina madini joto, yaani iodini. Madini hayo huongezwa kiwandani, mara nyingi kama iodeti ya potasiamu, makumi machache tu ya miligramu kwa kila kilo ya chumvi. Kwa hiyo kloridi ya sodiamu yenyewe ni kampaundi, lakini chumvi ya pakiti ni mchanganyiko. Na kwa kuwa ni mchanganyiko, kiasi cha madini joto kinaweza kupungua. Chumvi ikiachwa wazi, ikapata unyevu na joto, iodini hupotea huku chumvi ikibaki na ladha ile ile. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, lakini akizikosa kwa muda mrefu anaweza kupata rovu, ule uvimbe wa shingoni. Mama mjamzito akizikosa sana, ubongo wa mtoto aliye tumboni unaweza kudhurika. Kwa hiyo funika chopa la chumvi, liweke mbali na moto na mvuke.

Pili, kwa usalama. Si kila kuchanganya huleta mchanganyiko. Wakati wa usafi, mtu anaweza kudhani kwamba akitia pamoja dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe na asidi ya kusafishia choo, atapata dawa yenye nguvu maradufu. Sivyo. Vitu hivyo viwili humenyuka na kutoa gesi ya klorini, ile ile ya Ypres, ndani ya chumba kidogo. Usivichanganye kamwe. Ikitokea kwa bahati mbaya, toka nje upesi upate hewa safi, waonye wenzako wasiingie, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali.

Jipime

Taja kila kimoja ni kipi kati ya hivi vitatu: waya wa shaba safi, maziwa, sukari, gesi safi ya oksijeni, hewa unayoipumua nje.

Majibu: shaba ni elementi. Maziwa ni mchanganyiko. Sukari ni kampaundi ya kaboni, hidrojeni na oksijeni. Hewa unayoipumua nje ni mchanganyiko. Oksijeni ndiyo yenye mtego: molekuli yake ina atomi mbili, lakini zote ni za aina moja, kwa hiyo ni elementi.

Ukikwama kwenye mtihani, jiulize maswali mawili kwa utaratibu. Je, naweza kuvitenganisha kwa kuchuja, kuchagua, kuchemsha au njia nyingine ya namna hiyo? Kama ndiyo, ni mchanganyiko. Kama hapana, je, kuna aina moja tu ya atomi? Kama ndiyo, ni elementi. Kama hapana, ni kampaundi.