Fahamu: Vibali viwili vya mgeni anayekuja kufanya kazi Rufiji
Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilijengwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Mhandisi anayetoka Cairo kuja kazini Rufiji, viza peke yake haimtoshi. Mwajiri humwombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi; Idara ya Uhamiaji nayo hutoa kibali cha ukaazi, daraja B kwa walioajiriwa. Mwekezaji hupewa A.

Vijana wa Kibiti, jirani na Rufiji, wasome vizuri zaidi sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Inamtaka mwajiri aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni. Mpango huo ni haki yenu, usiishie kwenye faili. Anayefanya kazi kando ya fundi mgeni aulize ni nani anayeandaliwa, na kwa mafunzo gani.