Yetu na Yao: Machaguo Yanayopingana katika Amri za Git na Msamiati wa Kingo Mbili za Ruvuma

Faili la vidahizo linalojazwa na watafiti wa Mtwara kwa ushirikiano na wenzao wa ng'ambo ya Ruvuma haliwezi kukwepa tahajia mbili. Hata jina la lugha hutofautiana: Chimakonde kwa upande wa Tanzania, Shimakonde kwa wengi wa Msumbiji. Likihifadhiwa katika Git, programu ya kudhibiti matoleo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kila upande huwa na tawi lake, na matawi hayo hayana budi kuunganishwa.

Hapo ndipo penye hatari. Amri git merge -X ours hupokea nyongeza za pande zote, na pale tu mabadiliko yanapogongana huchagua yale ya tawi linalopokea. Amri git merge -s ours hutupilia mbali kazi yote ya tawi la pili: kidahizo kilichoongezwa Palma hakiingii, ilhali historia hudai kwamba matawi yameungana. Kuyaunganisha tena baadaye hakukirejeshi. Tofauti ni herufi moja, na onyo halitolewi.

Machaguo yanayopingana waziwazi hayaamuliwi kwa kanuni moja. Mtu akiandika --ff-only kisha --no-ff, la mwisho hushinda. Ndivyo pia kwa -X ours na -X theirs. Lakini --squash pamoja na --no-ff hukataliwa papo hapo. Chaguo -m la amri git commit, likirudiwa, halipingani na lolote: kila ujumbe huwa aya yake. Mwanaisimu atatambua ukatazaji huo katika hu- ya mazoea, isiyokubali kiambishi cha nafsi (*nihusoma). Ushindi wa la mwisho, kwa upande mwingine, ni mgeni kwa kitenzi cha Kiswahili: *ninatasoma si wakati ujao, ni kosa, na msemaji hulazimika kutafuta kitenzi kisaidizi, nitakuwa ninasoma.

Kinachotatiza zaidi ni uashiriaji. Katika git merge, ours ni tawi alilosimama mtafiti. Katika git rebase, kazi yake hupandikizwa upya, badiliko baada ya badiliko, juu ya tawi la wenzake. Kwa hiyo ours huwa tawi lao, na theirs huwa kazi yake mwenyewe. Mtafiti wa Mtwara anayeandika git rebase -X ours kwa nia ya kulinda tahajia yake, kila penye mgongano, huwa ameifuta.