Birika linapochelewa kuchemka

Saa moja usiku mtaa mzima umewasha taa, na birika la umeme ambalo asubuhi lilichemsha maji kwa dakika nne sasa linajikongoja. Mwenye nyumba anasema limechoka. Fundi umeme halilaumu kabla ya kupima soketi: mita yake inasoma volti 180.

Jibu limo katika kanuni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, mtoto wa fundi vitasa, aliyeichapisha mwaka 1827. Volti ni mkondo mara ukinzani. Ukijua viwili, cha tatu hakikushindi. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni volti mara mkondo.

Kitako cha birika hilo kimeandikwa volti 230, wati 2300. Gawanya wati kwa volti, unapata mkondo wa ampea 10. Gawanya volti 230 kwa ampea hizo, unapata ukinzani wa koili yake: omu 23. Omu hizo ni zilezile asubuhi na jioni. Kinachobadilika ni volti. Zikishuka hadi 180, mkondo nao unashuka mpaka ampea 7.8, na nguvu inabaki kama wati 1400. Volti zimepungua kwa asilimia 22 tu, nguvu kwa karibu asilimia 39, kwa kuwa volti na mkondo vimeporomoka pamoja. Maji ya dakika nne yatataka zaidi ya sita. Birika ni zima.

Volti zikishuka, birika linachelewa tu; hatari iko kwenye ekstensheni. Waya mwembamba wa shaba, wa milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita 20, ukihesabu kwenda na kurudi una ukinzani wa kama omu 0.9. Nani ataogopa ukinzani usiofika hata omu moja? Lakini joto la waya ni mkondo mara mkondo, kisha mara ukinzani. Kwa volti 230, omu za waya zikijumlishwa na za koili, birika letu linavuta ampea 9.6 kupitia humo, na waya unazalisha wati 83, zaidi ya ile balbu ya zamani ya wati 60 iliyounguza vidole. Ukiwa umetandazwa, joto hilo linatawanyika hewani. Ukiwa umeviringishwa kama kamba ya ng'ombe, linajikusanya katikati mpaka plastiki inalainika.

Kwa hiyo ikunjue ekstensheni yote kabla ya kuchomeka, au, afadhali zaidi, birika lichomeke ukutani.