Kurasa zinazoandikwa na programu: Bagira ni nini?

Wenzetu kadhaa hapa kitivoni wanauliza kama inawezekana kutengeneza kwa programu kurasa za komini na vijiji vyote vya Kivu Kusini katika Wikipedia ya Kiswahili, badala ya kuziandika moja moja. Inawezekana, tena si kazi ngumu. Mimi mkaaji wa Bagira naomba tu tuitazame kwanza sentensi itakayorudiwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mtu ana jedwali: kila mstari ni mahali pamoja, kila safu ni habari moja, kama jina, jimbo au idadi ya wakaaji. Kisha anaandika kiolezo, yaani sentensi yenye mapengo. Programu husoma mstari, hujaza mapengo, huangalia kama ukurasa wa jina hilo upo tayari, na usipokuwepo huuhifadhi. Wengi hutumia Pywikibot, iliyoandikwa kwa Python. Akaunti ya namna hiyo huitwa boti, na huombewa ruhusa kwa wahariri wengine, kurasa zake zisije zikafunika kazi ya watu katika orodha ya mabadiliko.

Boti maarufu kuliko zote ni Lsjbot ya Mswidi Sverker Johansson. Kwa sababu yake hasa, Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6. Nyingi ni sentensi chache za umbo moja.

Kwetu ugumu wa kwanza ni ngeli. Pengo la aina ya mahali likijazwa «jimbo», kinachofuata ni «la» na «lina». Likijazwa «kijiji», ni «cha» na «kina». «Mji» unataka «wa» na «una». Kiolezo kimoja hakitoshi. Jedwali lazima liwe na safu ya ngeli, au programu ipewe kanuni za upatanisho. Hapo mwanafunzi wa lugha ana kazi kuliko fundi wa kompyuta.

Ugumu wa pili unanihusu zaidi. Violezo vilivyozoeleka vimefuata Tanzania: mkoa, wilaya, kata. Tukiviazima, Bagira, Ibanda na Kadutu zitakuwa kata au wilaya za Bukavu. Nani hapa anasema hivyo? Sisi tunasema komini, neno lililotoka kwenye Kifaransa, na hata mtoto wa shule analielewa. Mwandishi mmoja akiandika «kata» katika ukurasa mmoja, mwingine atasahihisha. Programu ikiliandika katika kurasa mia tano, nani atazipitia? Na mashine za kutafsiri hujifunza kwa maandishi ya intaneti, Wikipedia ikiwemo. Zitajifunza kwamba ndivyo Kiswahili kinavyosema juu ya Kongo. Sipingi Kiswahili sanifu, naandika kwacho. Lakini usanifu wa neno hili haujajadiliwa na mtu yeyote. Ungeletwa na jedwali.

Tena kuna tarakimu. Tanzania ilihesabu watu mwaka 2012 na tena 2022. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Programu haiulizi tarakimu imetoka wapi. Ikipewa makisio, huyaandika kwa uhakika uleule. Majedwali ya zamani yana hatari nyingine: tangu 2015 majimbo ni 26 badala ya 11, kwa hiyo jedwali la kabla ya hapo litaiweka Kalemie katika Katanga, na siku hizi iko katika jimbo la Tanganyika.

Mimi ningeanza na komini tatu za Bukavu, kwa mkono, na kutoa kiolezo katika kurasa hizo. Programu ingeamriwa kuiruka sentensi nzima pengo likiwa tupu, na safu ya wakaaji ningeiacha tupu. Neno «komini» lipelekwe kwa walimu wetu wa isimu kabla mtu hajabonyeza chochote.