Vidaraja vya Babati na mita mbili zisizo na mwenyewe

Mbele ya fremu nyingi za Babati mjini kuna kipande cha zege kilicholazwa juu ya mtaro wa barabara, na ni nadra kukuta viwili vinavyofanana. Cha saluni kina upana wa hatua moja na kimepambwa kwa vigae vya rangi tatu, masalia ya bafu la mtu. Cha duka la vipuri vya pikipiki kimeongezwa ubavuni, zege jipya likiwa jeupe na la zamani jeusi kwa oili. Cha muuza saruji na mabati ni kinene kiasi kwamba Fuso hurudi kinyumenyume hadi mlangoni bila utingo kuteremka kuangalia. Jirani yake, fremu ambayo haijapata mpangaji, ina mbao tatu zilizopigiliwa misumari. Ukipita na mzigo kichwani unasali kimoyomoyo.

Nilikuwa Babati kwa shughuli nyingine kabisa. Nilianza kuvitazama vidaraja hivi wakati nasubiri gari la kurudi Arusha, na kadiri nilivyotazama ndivyo swali lilivyozidi kuniwasha: nani aliyeamua kiwe na upana huu na kile upana ule? Mtaro ni wa serikali. Fremu ni ya mwenye nyumba. Biashara ni ya mpangaji. Lakini hapo katikati, penye mita mbili tu, ndipo mji mzima unapoegesha.

Aliyenijibu ni fundi mmoja wa zege anayeishi upande wa Bagara. Ameomba nisimtaje jina, na msomaji atajua sababu kabla hatujafika mbali. Kazi yake hasa ni kujenga fremu. Mtu ana nyumba ya kuishi inayotazama barabara, anavunja ukuta wa mbele, anageuza sebule kuwa fremu mbili na kibaraza kuwa ya tatu, familia inahamia vyumba vya nyuma. Vidaraja ni kazi ya pembeni, ya siku mbili tatu, ila ndiyo anayoizungumzia kwa mapenzi.

“Mwenye nyumba akiniita simuulizi anataka upana gani,” alisema huku akisafisha koleo kwa kipande cha gunia. “Namuuliza, hiyo fremu unampangisha nani? Akinitajia biashara, kipimo ninacho.”

Nilimwomba anipe hivyo vipimo, akanipa kama mtu anayesoma orodha ukutani. Fundi cherehani: mita moja, maana mteja wake anakuja kwa miguu, hata akija na bodaboda anashushwa barabarani. Duka la dawa: mita mbili, kwa sababu bajaji inaleta mgonjwa na huwezi kumshusha mgonjwa ng'ambo ya mtaro. Pembejeo: mita tatu, na hapo usibane nondo, kwa kuwa msimu wa mbolea guta na pikap zinapishana humo kutwa nzima. Vifaa vya ujenzi: mita nne, na mwenye nyumba aandae fedha.

Unene nao una hesabu yake. Kidaraja cha waenda kwa miguu ni sentimita 10 na nondo za milimita 10. Cha bajaji na Noah ni sentimita 15 na nondo za milimita 12 zilizosukwa kwa karibu. Cha lori ni sentimita 20, nondo za milimita 16, matabaka mawili, na mchanganyiko wenye saruji nyingi zaidi. “Wengi wanataka cha Fuso kwa bei ya bodaboda,” alicheka. “Namwambia baba, zege halidanganyiki. Utamdanganya mpangaji, zege litakuumbua.”

Kisha akanieleza jambo lililonikalisha kwenye ndoo yake iliyopinduliwa kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Linakomaa kwa maji. Ukishamwaga, unafunika kwa magunia na kumwagilia asubuhi na jioni siku saba mfululizo, na nguvu yake iliyokusudiwa inahesabiwa siku ya 28. Sasa ni mfanyabiashara gani wa Babati atakayefunga mlango siku saba, sembuse 28? Siku ya tatu tu mwenye duka anatandika ubao, mteja anapita. Siku ya nne pikipiki. Siku ya tano mtu anashusha mifuko ya saruji juu ya zege ambalo bado halijakomaa. Kwa hiyo fundi amejitungia njia: anamwaga nusu, biashara inaendelea upande wa pili, wiki ikiisha anahamia nusu iliyobaki. Ule mstari unaouona katikati ya vidaraja vingi, ambao nilidhani ni ufa, ni alama ya duka ambalo halikufungwa hata siku moja.

Tukumbushane kidogo kuhusu mji wenyewe. Babati ilikuwa mji mdogo wa njiani hadi 2002, Manyara ilipomegwa kutoka Arusha na makao makuu ya mkoa yakawekwa hapo. Barabara ya kutoka Arusha ikifika Babati inagawanyika, moja kwenda Singida kupitia Katesh, nyingine Dodoma kupitia Kondoa. Hiyo ya Dodoma, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018, na tangu hapo anayetoka kaskazini kwenda makao makuu ya nchi hana sababu ya kuikwepa Babati. Babati pia ilikuwa miongoni mwa miji 18 ya mradi wa kuimarisha serikali za mitaa mijini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule uliopeleka lami na mitaro kwenye mitaa ya miji ya aina hii. Lami ilileta magari. Mtaro ukayazuia yasifike mlangoni. Hapo ndipo vidaraja vilipopata kazi.

Labda mtu atauliza kwa nini mwenye nyumba asiache nafasi ya kuegesha ndani ya kiwanja chake. Kanuni za viwango vya mipango miji za 2018 zinataka hivyo, kwamba majengo ya biashara yawe na maegesho yake. Fundi alinijibu kwa futi kamba. Alipima chini mita mbili na nusu kwa tano, nafasi ya gari dogo moja. Ni mita za mraba 12 na nusu. Kisha akanipeleka kwenye fremu aliyokuwa akiipiga plasta, tatu kwa nne. Mita za mraba 12.

“Hapa pana gari moja ambalo linalala bure,” alisema akionyesha chini. “Na hapa pana mtu anayelipa kodi ya miezi sita mkononi. Wewe dada ungejenga nini?”

Sikuwa na jibu, na sidhani kama mpanga mji yeyote analo kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichorithiwa na ndugu wanne. Marehemu Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kulazimisha kila jengo liwe na maegesho kunawabebesha gharama hata wasio na gari. Kitabu chake kuhusu hilo kilitoka 2005, na mwaka 2017 jiji la Buffalo, Marekani, likafuta sharti hilo. Wenzetu walifika huko baada ya kujaza katikati ya miji yao lami ya kulaza magari. Babati imefika karibu na hapo bila kupitia huko, kwa sababu mwenye kiwanja alishika futi kamba akapiga hesabu. Naona hesabu yake ni nzuri. Tatizo ni kwamba inaishia kwenye ukuta wake, na gari la mteja halina budi kusimama mahali.

Linasimama kwenye kidaraja, na kidaraja hakina mwenyewe. Kwenye barabara kuu, mtaro uko chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Ukikata kona kuingia mtaani, uko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU, inahesabu jengo. Slabu ya mbele haimo. Katika miji mikubwa hutozwa ada ya maegesho kando ya barabara, lakini sijawahi kusikia mtu akidaiwa kwa kuegesha juu ya zege alilomwaga mwenye duka.

Kwa upande wa barabara kuu kuna kumbukumbu nyingine, ile ya alama ya X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22 na nusu hadi 30 kila upande wa mstari wa kati. Wengi wanazijua rangi zake: X ya kijani ni ya aliyekutwa na upanuzi, ana haki ya fidia, X nyekundu ni ya aliyeingia hifadhini, avunje kwa gharama zake. Fundi anasema kidaraja huwa hakipigwi X ya rangi yoyote. Siku mashine ya kuzibua mtaro ikipita, kinavunjwa tu, na jioni hiyo hiyo simu yake inaita. Ndiyo maana hataki jina lake gazetini. Anajua anamwaga zege mahali ambapo alipaswa angalau kuwa na ruhusa ya maandishi, na hajawahi kuonyeshwa ruhusa hiyo na mteja hata mmoja.

Mtu mwepesi wa kulaumu atamwita mharibifu. Mimi sikuweza, hasa baada ya kunionyesha vifuniko vyake.

Vilikuwa vimeegemezwa ukutani nyuma ya stoo, vinne. Kila kimoja kina upana wa sentimita 60 na urefu wa mita moja, na pande mbili kina masikio ya nondo yaliyopindwa. Badala ya slabu moja ya kudumu, unapanga vifuniko kadhaa juu ya kingo za mtaro. Mtaro ukijaa tope, watu wanne na mtaimbo wananyanyua kimoja baada ya kingine, wanazibua, wanarudisha. Kila kifuniko kina uzito unaozidi kilo 200, hivyo mwizi wa nondo hakibebi kirahisi. Fundi alivibuni baada ya masika moja maji yaliyoteremka kutoka upande wa Mlima Kwaraa kukuta slabu zake tatu mfululizo zimeziba, yakaingia kwenye duka la nne, ambalo halikuwa na kidaraja chochote.

“Yule wa duka la nne hakuniita mimi,” alisema. “Ila maji yake nilimletea mimi.”

Vifuniko vile vinne havijanunuliwa. Wenye fremu wanasema gari likipita vinagonga, kokoto zinanasa kwenye maungio, na havipendezi. Havipokei vigae. Zaidi ya yote ni ghali kuliko slabu ya kawaida, na faida yake inakwenda kwa jirani wa chini. Nani atalipa zaidi ili duka la mwenzake lisiingie maji?

Lipo pia suala la nani anakitumia kidaraja. Nilikuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu HAPA SI MAEGESHO YA BODABODA, na chini yake pikipiki sita zimepangwa, madereva wamekaa juu yake wakinywa kahawa. Mwenye fremu alilipia zege kwa ajili ya wateja wake. Vijana wanasema wateja hao ni wao wanaowaleta. Jioni kidaraja hicho hicho kinahamiwa na jiko la chipsi na viti vya plastiki. Na mpangaji aliyejigharamia kidaraja akihama, je, anadai fedha yake kwa mwenye nyumba? Fundi amewahi kuitwa kwenye baraza la mtaa kutoa ushahidi wa nondo alizoweka. Kesi iliishaje hakuambiwa.

Nina ombi moja kwa wahandisi wa TARURA, wa TANROADS na wa Halmashauri ya Mji wa Babati. Kutangaza vita dhidi ya vidaraja ni kupoteza muda. Kikivunjwa leo kesho kinamwagwa kingine usiku. Chorani karatasi moja tu: kidaraja cha mguu, cha bajaji, cha lori, vyote vya vifuniko vinavyonyanyuka, vipimo na nondo zake, na kimo ambacho maji lazima yaachiwe chini. Wekeni ada ndogo ya kibali, na anayejenga kwa mchoro huo aandikiwe kwamba mashine ikija itanyanyua na kurudisha. Ibandikeni kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa. Mafundi mnao, na huyu wa Bagara ameniagiza niseme kwamba akiletewa nakala ya kwanza, ataanza na vile vinne vilivyoegemezwa ukutani.