Jicho la Babu, Jicho la Mjukuu

Paukwa! Pakawa. Leo, wajukuu zangu, nawapa kisa cha kweli. Mhusika wake ni mdogo mno, hamtamwona hata mkikodoa macho. Anaitwa jeni.

Jeni ni maagizo ambayo mwili huyafuata unapojijenga. Nakala moja hutoka kwa mama, nyingine kwa baba. Ndiyo maana huyu ana pua ya shangazi, yule ana kimo cha babu. Macho nayo hurithiwa, pamoja na udhaifu wake.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi usiku na mchana, nayo hutoka kupitia vitundu vidogo sana vilivyo ukingoni, pale duara jeusi linapokutana na weupe. Maji yasipotoka vizuri, presha hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake zikifa hazifufuki. Hiyo ndiyo glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Mara nyingi haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni, mwenyewe asitambue.

Mwaka 1997 wanasayansi waligundua kwamba jeni iitwayo MYOC, ikiwa na hitilafu, huleta ugonjwa huu. Protini yake hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli za vile vitundu kama taka kwenye mtaro, hadi seli zielemewe. Mwenye jeni hiyo yenye hitilafu aweza kuugua angali kijana, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Lakini wagonjwa walio wengi hawana hitilafu hiyo. Wao wamerithi jeni nyingi, kila moja ikiongeza hatari kidogo.

Sisi Waafrika tuna sababu ya kuwa macho. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi.

Hata hivyo, kurithi hatari si kurithi upofu. Dawa ya matone, leza au upasuaji hushusha presha na kulinda uoni uliobaki. Basi babu akiambiwa ana glakoma, asifiche: ndugu zake na watoto wake wakapimwe, hata wanaoona vizuri. Nanyi ulizeni nyumbani leo: nani katika ukoo wetu alipoteza uwezo wa kuona, na kwa sababu gani? Swali la mtoto laweza kumfikisha mzazi kwa daktari wa macho mapema.